Aiso au pasi? Harden na Curry kwenye mizani moja

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, jina la pili kutajwa kwenye drafti ya NBA, siku timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, lilikuwa la kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies. Sisi wa huku tunaukumbuka usiku ule kwa ajili yake, na ni haki yetu, maana hakuna Mtanzania aliyefika pale kabla yake. Lakini wa tatu kuitwa usiku uleule alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Miaka michache baadaye hao wawili ndio waliokigawa kila kijiwe cha kikapu kambi mbili, na ubishi haujaisha hadi leo: mpira apewe mtu mmoja ammalize mlinzi wake, au uzunguke mpaka apatikane aliye huru?

Nauandikia ulinganisho huu yule anayelazimika kuchagua: kocha wa timu ya mtaa au ya chuo, nahodha ambaye wenzake wanamsikiliza, hata mzazi anayemfundisha mwanawe nyuma ya nyumba. Mifano nimeitoa NBA kwa sababu huko kila mtupo unaandikwa, hivyo hoja inaweza kupimwa.

Aiso, kwa wasiolizoea neno, ni pale wachezaji wanne wanapotawanyika pembeni na wa tano kubaki na mpira akiwa na mlinzi mmoja tu mbele yake. Haina skrini (mwenzako kusimama kumzuia mlinzi wako) wala mkato (kukimbia ghafla kuelekea ringi). Ni wewe na yeye, na sekunde zinazopungua. Upande wa pili ni mchezo wa pasi: mpira hautulii mkononi, wasio na mpira wanakimbia kuliko mwenye nao, na mtupo unaenda kwa yeyote ambaye mlinzi wake amechelewa.

Kwanza mizani

Asilimia ya kawaida ya mitupo ni mizani mbovu, kwa sababu inahesabu mtupo wa pointi mbili na wa pointi tatu kama kitu kimoja. Anayefunga 4 kati ya 10 akiwa ndani ya mstari wa pointi tatu ana pointi 8. Anayefunga 4 kati ya 10 kutoka nje ya mstari ana 12. Wote wawili wanaandikiwa asilimia 40. Ndiyo maana siku hizi hutumika kipimo cha ufanisi kamili: chukua pointi zote za mchezaji, kisha jumlisha mitupo yake na 0.44 ya mitupo yake huru (ile ya adhabu baada ya faulo), na ugawanye pointi kwa mara mbili ya jumla hiyo. Ile 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru mingi huja miwili miwili, lakini mingine huja mmoja baada ya kikapu kilichoingia na faulo juu yake, kwa hiyo ukiweka nusu kamili utakuwa umemzidishia mtu hesabu.

Tuijaribu. Tarehe 13 Aprili 2016, Kobe Bryant aliaga mchezo kwa pointi 60 dhidi ya Utah Jazz, na Lakers wakashinda 101–96. Nywele zilinisimama nilipoitazama mechi ile. Alirusha mara 50, zikaingia 22, na mitupo huru alifunga 10 kati ya 12. Ukipitisha hesabu, 60 kugawanya kwa mara mbili ya 55.28, unapata karibu asilimia 54, na wastani wa ligi nzima msimu ule ulikuwa huohuo, asilimia 54. Usiku ambao hautasahaulika ulikuwa na ufanisi wa mchezaji wa kawaida. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Nataka tukubaliane mapema kwamba pointi nyingi na mashambulizi mazuri ni vitu viwili.

Allen Iverson ni mfano mzito zaidi. Msimu wa 2000–01 alifunga wastani wa pointi 31.1, akawa mchezaji bora wa ligi, akaibeba Philadelphia hadi fainali, ambako Lakers waliwafunga 4–1. Ufanisi wake kamili ulikuwa karibu asilimia 52, sawa na wastani wa ligi wakati ule. Timu ile iliishi kwa ulinzi, nyuma yake akiwa amesimama Dikembe Mutombo wa Kongo kuilinda ringi. Wengi waliomwiga Iverson mitaani kwetu waliiga kuruka na kudunda, wakamsahau Mutombo.

Upande wa Harden

Sasa chukua msimu wa Harden wa 2018–19 pale Houston. Wastani wa pointi 36.1, na mechi 32 mfululizo ambazo katika kila moja alifikisha 30 au zaidi. Ufanisi wake kamili ulikuwa karibu asilimia 62, wakati ligi ilikuwa kwenye 56. Ni aiso ileile, mtu mmoja na mlinzi wake, lakini tofauti na Iverson ni pointi kumi nzima za asilimia. Zilitoka wapi?

Zilitoka mahali alipotupia. Harden aliacha karibu kabisa ule mtupo mrefu wa pointi mbili, wa hatua moja ndani ya mstari, ambao vizazi vya nyuma vilioneshwa kuwa ndio ustadi wenyewe. Kwake kulikuwa na milango mitatu: hatua ya kurudi nyuma na kurusha ya tatu, kuingia hadi kwenye ringi, au kuchezewa faulo. Alirusha za tatu zaidi ya 13 kwa mechi na kupata mitupo huru 11. Hesabu yake ni nyepesi. Za tatu ukifunga asilimia 36 unapata pointi 1.08 kwa kila mtupo. Mtupo mrefu wa mbili ukifunga asilimia 40, ambayo si haba, unapata 0.8. Mitupo huru miwili kwa mtu anayefunga asilimia 80 ni pointi 1.6. Hakuna mtupo wa kawaida uwanjani unaofikia huo.

Kocha Mike D'Antoni aliwapanga wengine wanne nje ya mstari, wawili wakiwa kwenye kona kabisa, ambako mstari wa NBA uko mita 6.70 tu kutoka kwenye ringi badala ya 7.24. Mlinzi wa kona akienda kusaidia, pasi moja inamfikia mtu aliye karibu zaidi na asiye na mlinzi. Akibaki kwake, Harden ana njia mpaka kwenye ringi. Ukweli huu kambi ya pasi huuruka: aiso iliyopangwa vizuri ni mchezo wa watu watano, ila wanne kati yao kazi yao ni kusimama mahali sahihi na kutisha.

Upande wa Curry, na wa San Antonio kabla yake

Golden State, timu ya Curry, msimu wa 2013–14 chini ya kocha Mark Jackson ilikuwa ya mwisho katika ligi kwa idadi ya pasi. Steve Kerr alipoichukua aliweka lengo la pasi 300 kwa mechi. Msimu wake wa kwanza walishinda mechi 67 na ubingwa wa 2015. Wa pili wakashinda 73 na kupoteza 9. Katika msimu huo wa pili Curry alifunga za tatu 402, wakati rekodi ya awali, aliyoiweka yeye mwenyewe, ilikuwa 286. Ufanisi wake kamili ulikuwa karibu asilimia 67, huku akifunga pointi 30 kwa mechi. Mchezaji anayecheza mbali na ringi mwenye namba hizo hakuwahi kuonekana kabla yake.

Mtazame Curry asipokuwa na mpira, utaelewa. Akishatoa pasi, wengi wangesimama kupumua. Yeye ndipo anapoanza kukimbia, anapita nyuma ya skrini moja, ya pili, anageuka. Walinzi wawili wanamfuata kwa hofu, na mahali walipotoka kuna mtu anayeingia kwenye ringi bila kuguswa. Kikapu kile hakiandikwi kwa jina la Curry, wala asisti, yaani pasi ya kikapu, haiandikwi kwake. Mikato ya namna hiyo kwa kawaida huleta zaidi ya pointi 1.2 kila inapotumika, wakati aiso ya mchezaji wa kawaida wa NBA huleta chini kidogo ya pointi 1.

Waliotangulia ni San Antonio Spurs wa 2014. Hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 uwanjani msimu ule. Kwenye fainali waliwafunga Miami 4–1 wakiingiza asilimia 52.8 ya mitupo yao yote katika mechi tano, na nusu ya kwanza ya mechi ya tatu waliingiza mitupo 25 kati ya 33. Nimeirudia nusu ile mara nyingi kuliko mechi yoyote maishani mwangu. Mpira unafika kwa mtu aliye huru, na yeye anamwona aliye huru zaidi, anampa. Kama una kijana wa miaka 14 anayeupenda mchezo huu, mkalishe mbele ya dakika hizo 24 kabla hujamfundisha neno lolote.

Mahali hesabu inapodanganya

Baada ya hapo mtu anaweza kusema shauri limekwisha, aiso ni chini ya pointi 1, ligi nzima ya sasa inapata karibu pointi 115 kwa kila mashambulizi 100, basi aiso inapoteza. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi na naiona ina kasoro.

Kwanza, wastani wa timu unabeba mashambulizi ya kasi baada ya mpira kuporwa na vikapu vya ribaundi, yaani mpira uliokoswa ukaokotwa chini ya ringi. Hivyo ni vya bei rahisi kwa timu yoyote. Aiso haishindani navyo, inashindana na shambulizi lililokwama huku ulinzi umeshajipanga. Pili, aiso nyingi huja saa ya sekunde 24, muda wa kila shambulizi, ikiwa imebaki na 6 au 5, baada ya mpango wa kwanza kufa. Ni kama kumlaumu daktari wa wagonjwa mahututi kwamba wagonjwa wake hawaponi haraka. Tatu, ukitoa pasi baada ya kumvuta mlinzi wa pili, kikapu kinahesabiwa kwa mrushaji wa kona, na aiso haipati kitu kwenye takwimu. Nne, mpira unaokaa kwa mtu mmoja hauporwi ovyo kama ule unaopita mikono mitano.

Kuna namba moja ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Msimu wa 2018–19, timu ya kwanza kwa pointi kwa kila mashambulizi 100 ilikuwa Golden State. Ya pili ilikuwa Houston. Tofauti yao haikufika pointi moja. Timu mbili zilizocheza kikapu kana kwamba ni michezo miwili tofauti zilifika karibu mahali pamoja, kwa sababu zote mbili zilirusha kutoka sehemu zenye faida na zote mbili ziliwanyima walinzi nafasi ya kusaidiana. Anayebishana aiso au pasi bila kuuliza mtupo unaishia wapi anabishana juu ya njia bila kutaja safari.

Suichi: dawa ya pasi

Mchezo wa pasi unaishi kwa skrini. Mlinzi anagongana na skrini, anachelewa nusu hatua, na nusu hatua hiyo ndiyo chakula cha Curry. Sasa ulinzi ukiamua kwamba kila skrini ikiwekwa walinzi wanabadilishana tu, wewe chukua wangu, mimi nachukua wako, ile nusu hatua haipo tena. Kukimbia kote kunaishia kwa mtu mwingine aliyesimama mbele yako. Ukiwa na walinzi watano wanaokaribiana kwa urefu na miguu, unaweza kucheza hivyo mechi nzima.

Houston walifanya hivyo dhidi ya Golden State kwenye fainali ya ukanda wa Magharibi mwaka 2018, na wakawa wanaongoza mechi 3–2. Pasi za Golden State zilikauka, na mara nyingi walilazimika kumpa mpira Kevin Durant arushe juu ya mlinzi wake. Yaani mabingwa wa pasi walisukumwa kwenye aiso na timu ya aiso. Maana suichi ina tundu moja tu: inamwacha mtu mzito au mfupi peke yake na mtu hatari. Tundu hilo hupenywa kwa kumtazama mlinzi machoni na kumpita.

Lakini mfululizo huohuo ulionesha pia bei ya upande wa pili. Chris Paul wa Houston aliumia msuli wa nyuma ya paja mwishoni mwa mechi ya tano, na akakosa mechi mbili za mwisho. Harden akabaki peke yake kama chanzo cha kila kitu. Mechi ya saba, tarehe 28 Mei pale Houston, walikuwa mbele 54–43 wakati wa mapumziko. Kisha wakakosa za tatu 27 mfululizo. Walimaliza wakiwa wamefunga 7 kati ya 44, Harden mwenyewe 2 kati ya 13, na wakafungwa 101–92. Nyingi kati ya zile 27 zilikuwa mitupo mizuri, ya watu walio huru, kwa hiyo siwezi kusema mpango ulikuwa mbaya. Ninachoamini ni kwamba miguu ilikuwa imekwisha, na waliozoea kungoja kwenye kona hawakuwa na kikapu kingine cha kutafuta wakati mlango ule mmoja ulipofungwa. Timu ya pasi ikikosa za tatu, bado ina mikato. Houston hawakuwa nayo.

Saa kumi na moja alfajiri

Mechi ya saba ya fainali ya 2016 ilichezwa Oakland Jumapili jioni, kwetu ikiwa ni alfajiri ya Jumatatu, tarehe 20 Juni. Golden State ya ushindi 73 dhidi ya Cleveland. Ubao ulisoma 89–89, na kwa karibu dakika nne hakuna aliyefunga kitu. Kumbuka nani walikuwa uwanjani: timu iliyopitisha mpira vizuri kuliko wote duniani, na timu ya LeBron James na Kyrie Irving. Zote mbili zilikuwa kavu.

Zikiwa zimebaki sekunde 53, Irving ana mpira upande wa kulia. Klay Thompson, mlinzi mkali, alikuwa amemkabili. J.R. Smith akaja na skrini, walinzi wakabadilishana, na Curry akabaki naye. Hapo Cleveland wakamwachia nafasi. Irving akadunda, akamyumbisha, akarudi hatua nyuma, akarusha ya tatu juu ya mkono wa Curry. Ikaingia.

Shambulizi lililofuata watu hulisahau, nami ndilo ninalolitumia kufundishia. Golden State nao wakatafuta suichi, wakampata Kevin Love, mtu mkubwa ambaye miguu yake ilionekana haifai kabisa kumkaba Curry. Curry akadunda kushoto, kulia, mbele, nyuma. Love akabaki naye. Ya tatu ikarushwa kwa shida, ikagonga, na Cleveland wakawa mabingwa, 93–89. Timu zote mbili, zilipofika mwisho wa barabara, zilichagua kitu kilekile. Moja ilikuwa na mtu aliyezoea kuishi hapo.

Mwaka 2025 ilitokea tena kwa sura nyingine. Indiana Pacers walifika fainali kwa kasi na pasi, Oklahoma City wakiwa na Shai Gilgeous-Alexander, mfungaji bora wa ligi kwa pointi 32.7. Mechi ya kwanza, Gilgeous-Alexander alimkabili mlinzi wake peke yake akakosa. Tyrese Haliburton akachukua mpira, hakuomba muda wa mapumziko, akaenda hadi mbele ya Cason Wallace na kurusha. Zilibaki sekunde 0.3, Indiana wakashinda 111–110. Kikapu kikubwa zaidi cha timu ya pasi kilikuwa cha mmoja kwa mmoja. Ubingwa walichukua Oklahoma City katika mechi ya saba, ambayo Haliburton aliumia mapema.

Basi uchague ipi?

Kama huna mtu anayeweza kumpita mlinzi wake mara saba kati ya kumi, usiguse aiso kama mpango wa kwanza. Wala usijidanganye kwa kuwa kijana wako anafunga pointi 25 Jumamosi. Pitisha hesabu ya 0.44 kwanza. Makocha wengi wa ngazi yetu wana aiso bila kuichagua. Mmoja ana nguvu kuliko wenzake, mpira unamfuata, na wanne wanageuka watazamaji. Utawajua kwa magoti. Aliyesimama kona akiwa na magoti yaliyonyooka na mikono imening'inia, hata akipewa pasi nzuri, atarusha akiwa baridi.

Kama unaye mtu huyo, angalia wenzake. Wapo wawili wanaofunga za tatu kwa uhakika? Basi watawanye, umpe nafasi, na ukubali kwamba atahitaji kupumzishwa zaidi ya unavyotaka. Hawapo? Hapo aiso itakuua, kwa sababu walinzi watamwachia mrushaji mbovu na kujazana mbele ya ringi. Tangu NBA iruhusu ulinzi wa zoni (kulinda eneo badala ya mtu) msimu wa 2001–02, walinzi hawalazimiki tena kumfuata mtu wao kila aendako, na katika kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea sisi, hata ile sheria ya NBA inayomkataza mlinzi asiyemkaba mtu kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo la chini ya ringi haipo. Mtu mrefu wa wapinzani anaweza kusimama chini ya ringi mchana kutwa. Aiso kwenye viwanja vyetu ni ngumu zaidi kuliko ile unayoiona kwenye runinga.

Mimi nachagua pasi kama nyumba ya kuishi, na aiso kama chumba kimoja ndani yake chenye ufunguo wake. Katika timu ninayoisaidia tunaanza kila mazoezi kwa dakika 15 ambazo mtu haruhusiwi kudunda zaidi ya mara mbili. Wiki za kwanza ni fujo tupu, mpira unatoka nje ovyo na vijana wananilalamikia. Kisha dakika 10 za mwisho nageuza: nahesabu kwa sauti kutoka saba kushuka hadi sifuri, mpira uko kwa mmoja, wanne wamepanuka, na mlinzi ni yule asiyempenda kabisa. Kila mmoja anapitia hapo, hata pivoti, yule mrefu wa chini ya ringi.

Juzi pivoti wetu, kijana mrefu mwenye aibu, alifika mbili akiwa bado na mpira mkononi. "Kocha, nitoe pasi?" Nikamwambia atazame kona ya kushoto. Mlinzi wa kule alikuwa tayari ameinua mguu kuja kwake.